Upande Unaong'aa Juu, Uliofifia Chini

Wiki iliyopita mjukuu wa mdogo wangu alinijia na simu mkononi, amenuna. Alijipiga picha mwenyewe kwa ajili ya fomu za chuo, kisha rafiki yake akampiga nyingine, na zile picha mbili hazikukubaliana. "Bibi, hapa pua yangu imekwenda kulia, hapa imekwenda kushoto. Simu imeharibika." Nikamwambia simu ni nzima na pua ni nzima. Tangu azaliwe amejiona kwenye kioo, na kioo humpa mtu uso wake uliogeuzwa. Ule anaoujua yeye, sisi wengine hatujawahi kuuona. Akafikiri kidogo, akasema basi atatumia ile ya kioo, kwa sababu ndiyo nzuri, akaondoka.

Nilibaki nacheka peke yangu uani, na baadaye nikaacha kucheka. Nyinyi mnaofanya kazi ya picha siku hizi, mnaobonyeza mahali pamoja na uso ukageuka na kurudi, hamjui kwamba kulikuwa na watu waliokula na kusomesha kwa kazi ya kugeuza. Mimi ni mmojawapo. Nimekaa miaka mingi katika chumba cha giza pale Ujiji, mpaka watu wakaniita Mama Giza, hata kanisani. Nataka niwaeleze niliyoyaona humo, na kosa moja nililofanya.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza kati ya wanne, mtu wa kijiji cha Simbo. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mvua nyingine. Nilikuwa darasa la sita. Nikafunga daftari, nikawashika mikono wadogo zangu watatu, tukashuka Ujiji kwa mama mdogo aliyekuwa na chumba kimoja cha kutugawia. Shuleni sikurudi tena. Siandiki hili ili mnihurumie. Ni ili mjue tu kwamba mengi ya hapa niliyajua kwa mikono kwanza, maneno yake yakaja baadaye, na mengine hayakuja kabisa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kugeuza dagaa. Dagaa wakimwagwa mchangani asubuhi hulala wakitazama jua kwa upande mmoja. Kuna saa ya kuwageuza, nayo haiko ukutani. Ukiwahi, ngozi inabaki mchangani. Ukichelewa, mgongo unakauka kama kijiti na tumbo linaanza kunuka. Unainama, unapitisha kiganja juu yao taratibu. Wakilia kama majani makavu, wako tayari. Mwenye dagaa, Mama Chausi, alikuwa akinisimamia kwa nyuma na kanga yake mabegani. "Wewe mtoto wa Simbo," alikuwa akisema, "hayo si mahindi unayapukuchua. Wageuze kama unamgeuza mtoto aliyelala."

Huko ndiko alikonikuta Mzee Sefu, mpiga picha wa Ujiji, na kanzu yake yenye madoa ya dawa. Alikuja kumpiga picha mwenye boti mpya. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi nyuma, la zamani hata kwa wakati ule. Aliponiona namkodolea macho, akaniambia niingize kichwa ndani ya kitambaa.

Sijawahi kuisahau dakika ile. Kwenye kioo cha ndani kulikuwa na Kibirizi nzima, ndogo, ya rangi, inatembea, na yote imesimama kwa kichwa. Ziwa lilikuwa juu, mbingu chini. Wapagazi walikwenda na magunia wakiwa wananing'inia kwa miguu kama popo. Milima ya Kongo iliyo ng'ambo ilishuka kutoka juu kama meno. Na hakuna kilichoanguka.

"Umeona nini?" akaniuliza nilipotoka.

"Shikamoo Mzee. Nimeona watu wananing'inia."

"Marahaba. Umeogopa?"

"Hapana. Shingo tu inauma."

Akacheka mpaka akashika magoti. Nilikuwa nimeipinda shingo kumfuata mwenye boti alivyogeuka. "Usiipinde tena," akasema. "Ukiinamisha kichwa unamwona mtu, unaanza kumpenda au kumchukia. Ukiacha kichwa kilivyo unaona umbo, unaona mwanga umeangukia wapi. Kazi yetu ni mwanga." Juma lililofuata nilikuwa nafagia studio yake, na mwezi uliofuata nilikuwa chumba cha giza.

Chumba kile kilikuwa na upana wa kitanda. Mlango ulikuwa na mapazia mawili ya blanketi, ukipita la kwanza unasubiri lifunge ndipo unafungua la pili. Ndani kuna taa nyekundu, mabeseni matatu, na maji yanayodondoka. Ukikaa humo saa tatu husikii tena soko. Unasikia moyo wako na matone. Picha ikilala kwenye dawa ya kwanza, karatasi ni nyeupe, haina kitu, unalitikisa beseni kidogo kama unambembeleza mtu, kisha kivuli kinakuja, nyusi, tundu za pua, na mara macho yanakutazama kutoka ndani ya maji. Nimeliona jambo hilo maelfu ya mara na sijawahi kulizoea.

Negativu, yaani filamu iliyosafishwa kabla haijawa picha, ni nchi nyingine. Humo mwenye mvi ana nywele nyeusi na kijana ana mvi. Bibi harusi amevaa kaniki, bwana harusi amevaa kanzu ya maziwa, na meno ya kila anayecheka ni meusi tii. Nilianza kuota hivyo. Niliota mama yangu akiwa na nywele nyeupe ambazo hakuishi muda wa kuzipata, na nilipoamka sikuhuzunika, nilijua tu kwamba nilikuwa nimemwona kabla hajasafishwa.

Mambo mengine niliyapindua kwa ujinga. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha mfuatano wa dawa, filamu nikaianzisha kwenye ile ya kukazia, ambayo zamu yake ni ya mwisho. Filamu ikatoka angavu kama maji, haina hata mtu mmoja. Ilikuwa harusi ya watu wakubwa pale Ujiji. Mzee Sefu alivaa kofia akaenda mwenyewe kuomba radhi, nao wakakubali kuvaa tena baada ya wiki. Kwa bahati mbaya ndani ya wiki ile bwana harusi alikuwa ameshagombana na wakwe zake. Picha ile ipo mpaka leo kwenye sebule fulani: bibi anacheka, bwana anatazama mlango.

Mdogo wangu Petro alikuwa akija kufanya hesabu zake nje ya pazia, kwa sababu nyumbani hakukuwa na meza. Siku moja alinisomea kwa sauti, "Dada, kugawanya kwa robo, unaipindua robo, inakuwa nne juu ya moja, halafu unazidisha."

"Kwa nini unaipindua?"

"Mwalimu amesema pindua tu."

"Chukua mche wa sabuni. Ukate robo robo. Umepata vipande vingapi?"

Akahesabu kwa sauti ndogo nyuma ya blanketi. "Vinne," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Petro ni mhandisi leo, na hajawahi kunishukuru kwa sabuni ile.

Nilianza kuona kugeuka kila mahali. Asubuhi za kiangazi, moshi wa majiko ya Ujiji ulipanda hadi urefu wa minazi kisha ukasimama, ukalala bapa juu ya mji kama dari. Mtu wa vipimo vya hali ya hewa, aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho, alinieleza kwamba kwa kawaida hewa hupungua joto kadiri unavyopanda, lakini asubuhi kama zile huwa imepinduka, baridi imekaa chini na joto limekaa juu yake kama kifuniko. Bibi mkunga wa mtaani kwetu naye aliniambia kuna mtoto anayekaa tumboni ameelekeza kichwa juu, na kwamba yeye huwaambia wanawake mapema waende hospitali, kwa sababu mikono yake inaujua mgongo wa mtoto hata ukiwa ndani. Nilimwelewa. Mimi pia nilishika watu gizani nikajua wameelekea wapi.

Na hapo ndipo ilipo kanuni ya kazi yetu, ambayo Mzee Sefu alinikaririsha kama sala. Filamu ina pande mbili. Mmoja unang'aa, mwingine umefifia kama ngozi iliyokosa mafuta. Ukiiweka kwenye mashine ya kukuzia, upande unaong'aa ukae juu, uliofifia chini. Ukikosea, picha itatoka safi, kali, ya kupendeza, ila kulia kwa mtu kumekuwa kushoto. Hilo ndilo baya la kosa hili, halina doa. Kama kwenye picha kuna maandishi, yatakusuta. Kama hayapo, tafuta shati la kiume, mfuko wake hukaa upande wa moyo. Na kama uko gizani na huoni, gusisha ukingo wa filamu kwenye mdomo wako wenye unyevu. Upande uliofifia utanata. Mzee Sefu aliita kuonja. "Umeonja?" alikuwa akiuliza kutoka nje ya pazia. "Nimeonja, Mzee."

Basi ikaja miaka ya vita ng'ambo. Burundi kwanza, kisha Kongo. Watu walivuka ziwa kwa chochote kinachoelea. Nakumbuka Kibirizi siku zile za mwanzo: boti zilivutwa mchangani, zikapinduliwa, zikainuliwa upande mmoja kwa mawe, na watu wakaishi chini yake. Chombo kilichowabeba mgongoni kikawa dari. Ukipita asubuhi unaona moshi mdogo unatoka chini ya boti, na mkono wa mwanamke unatoka kuchukua kuni, na mkono unarudi.

Shirika moja lililowahudumia wakimbizi lilimwomba Mzee Sefu apige picha za watoto waliofika bila mtu wao. Picha zilibandikwa kwenye mbao, hapa mjini karibu na mahali pa mapokezi, na kule makambini. Chini ya kila picha kulikuwa na karatasi: jina, kijiji, alama ya mwilini. Wazazi walipita mbele ya mbao hizo taratibu, vidole vikisogea bila kugusa. Macho ya Mzee Sefu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo yeye alipiga na mimi nikasafisha zote peke yangu. Zilikuwa nyingi. Siku nzima watoto waliniibukia majini mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyecheka, na jioni nilipotoka nje niliona nyuso zao kwenye kila ukuta mweupe.

Asubuhi moja nilikwenda kubandika picha mpya pale mapokezi. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya ubao, mwembamba, na furushi kichwani. Alikuwa amefunika nusu ya picha moja kwa kiganja. Aliondoa kiganja, akafunika nusu nyingine. Niliijua picha ile. Mtoto wa kike, labda wa miaka minne au mitano, amevaa sweta la shingo ya duara, na kovu la moto shavuni. Kwenye karatasi yake, mahali pa jina, karani aliandika: hajasema. Mahali pa kijiji: hajasema.

"Anafanana na wangu," yule mama akasema bila kunitazama.

"Basi tumwite karani, mama."

"Hapana. Wangu kovu yake iko huku." Akajigusa shavu la kushoto. "Alianguka kwa moto. Mimi mwenyewe nilimupakaa dawa kila asubui. Mama anaweza kusahau upande?"

"Hawezi."

"Huyu ni kama mutoto wangu ule wa kwa ndoto. Uso ni wake, lakini si yeye." Akashusha mkono. "Kule kambi ya kwanza balinionyesha mutoto, bakasema ni huyu. Nilitaka sana akuwe wangu. Nikamubeba siku tatu. Siku ya ine nyanya yake akafika. Sitafanya vile tena. Aksanti, dada."

Akaondoka kuelekea kwenye malori. Lori lake lilikuwa la kambi ya upande wa Kasulu, na injini ilikuwa tayari inanguruma.

Karani alikuwa kijana mwema aliyeitwa Mathayo. Alikuja na kalamu sikioni, akauliza yule mama amesemaje. Nikamweleza. Akasoma karatasi yake mwenyewe: kovu, shavu la kushoto. Akaitazama picha: kovu, shavu la kulia. "Ni mimi," akasema. "Siku ile watoto walikuwa wengi, nikaandika ovyo." Akatoa kalamu sikioni, akaanza kukata neno kushoto.

Sijui kama nyinyi mmewahi kuona kitu cha kweli kinakatwa kwa kalamu mbele yenu na mtu mwema. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Nikatazama picha iliyobandikwa jirani, ya kijana mmoja aliyevaa shati la mtu mzima, la baba yake pengine, mikono imekunjwa mara nyingi. Mfuko wa shati ulikuwa upande wa kulia. Nikatazama ya tatu, mtoto amekatwa nywele kwa mshazari, na nilikumbuka kwamba kwenye negativu mshazari ule ulielekea upande mwingine. Wote walikuwa wa kipande kimoja cha filamu. Wote walikuwa wamegeuka.

Sitawadanganya. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili niliiona njia ya kunyamaza. Ningerudi studio, nikazisafisha upya, nikazibandika kesho bila mtu kujua. Mzee Sefu asingeaibika, kazi isingeondoka, na Petro na wenzake wangebaki shuleni. Nikamwuliza Mathayo, "Huyu mtoto yuko wapi sasa?"

"Nyumba ya watoto, pale chini ziwani. Lakini hawa wasiotambuliwa kesho wanapanda treni. Wamepatiwa nafasi Tabora."

"Mathayo, usikate. Karatasi yako iko sawa. Picha ndiyo ina makosa."

"Picha ina makosa gani? Mbona nzuri."

"Imegeuka. Kulia kwake ni kushoto."

"Picha ya mtu inageukaje, Mama Giza?"

"Kwa mkono wangu," nikasema, nikaibandua.

Nilikimbia na mikono bado ina gundi. Lori lilikuwa limejaa, yule mama amekaa nyuma kabisa, furushi mapajani. Nikamwita. Dereva akatoa kichwa dirishani. "We Mama Giza, hili si basi la stendi. Njia ni ya kutwa, hata Kidahwe sijafika, na nina taa moja. Wewe giza umelizoea, mimi sijalizoea."

"Subiri kidogo, kaka."

"Leo mimi ni kaka wa kila mtu."

Sikuwa na mashine wala dawa, nilikuwa na karatasi na jua. Karatasi zetu za wakati ule zilikuwa nyembamba. Nikaigeuza picha ili mgongo wake ututazame sisi, nikaiinua mbele ya jua, nikamwambia yule mama aangalie. Mwanzoni ilionekana namba tu, niliyokuwa nimeiandika nyuma kwa kalamu. Kisha mwanga ukapenya. Yule mtoto akatokeza kupitia karatasi, hafifu, kama mtu unayemwona ukiwa nusu usingizini, namba ikiwa kwenye paji la uso. Na kovu lilikuwa limehama. Lilikuwa kushoto.

Yule mama akasogea ukingoni mwa lori. Alinyoosha kidole akakiweka hewani, mbali kidogo na shavu.

"Na kama si yeye?" akauliza baadaye.

"Sijui kama ni yeye, mama. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyelihamisha kovu. Yeye hakulihamisha."

"Nikishuka lori inakwenda."

Mzee mmoja aliyekaa karibu naye akachukua furushi lake, akaliweka upande wa nje, tayari kwa kushushwa. "Teremuka," akamwambia. "Dereva anaongea tu. Na breki hana, atakimbia namna gani?"

"Nimekusikia, mzee," dereva akasema. Lakini alizima injini.

Hapa nitaruka mbele kwanza, kwa sababu najua kuna watakaouliza iliishaje kwa kazi. Nilimweleza Mzee Sefu siku ileile. Aliomba nimletee kile kipande cha filamu. Alikigusisha mdomoni, akakigeuza, akakigusisha tena. "Tangu lini umeacha kuonja?" akauliza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuwa hodari mno. Miaka ya kutazama watu waliopinduka ilikuwa imelifundisha jicho langu kuwasimamisha lenyewe, kimyakimya, bila kuniuliza. Niliweza kutazama uso uliogeuka na nisijue kwamba umegeuka. Vijana, ujuzi wa namna hiyo muuogope. Kazi ikianza kujiendesha yenyewe, rudini kwenye lile jambo la kitoto mlilofundishwa siku ya kwanza, hata kama linawatia aibu mbele ya wanaojifunza.

Tulizipitia picha zote za mwezi ule. Tulikuta vipande viwili vingine. Tulisafisha upya, nikaomba lifti za malori, nikazunguka mbao za makambini nikibandua na kubandika. Shirika lilitusema kwa maneno makali, tukayapokea, na kwa muda walimpa mtu mwingine kazi. Nilirudi kuuza dagaa asubuhi na kusafisha picha za vitambulisho mchana. Hakuna mdogo wangu aliyeacha shule.

Sasa nirudi kwa yule mama.

Alishuka, Mathayo akatufikia, akatuongoza hadi nyumba ya watoto. Njiani yule mama aliniambia jina la mtoto wake, mara moja tu: Sifa. Akasema hatalitaja tena mpaka awe na hakika, kwa sababu alimwita yule mtoto wa kambi ya kwanza kwa jina hilo siku tatu na mtoto akaanza kuitika, na kulirudisha jina lilikuwa gumu kuliko kumrudisha mtoto.

Ilikuwa saa za kabla ya adhuhuri, ziwa limetulia, hakuna upepo. Watoto walikuwa kivulini na sahani za uji. Yule wa picha alikuwa amekaa peke yake ukingoni, miguu imenyooshwa. Mlezi wao akataka kumwita. Mathayo naye alikuwa na karatasi ya maswali, kwa kuwa taratibu zilitaka mtoto aulizwe: huyu ni nani, unamjua, mliishi wapi. Nikawaza, ataulizwaje huyu ambaye hajasema neno tangu ashuke kwenye boti.

Mtoto aliinua macho akatutazama sote, mmoja mmoja, akamtazama na yule mama vilevile alivyomtazama Mathayo. Hakushtuka. Uso wake haukubadilika. Miezi ilikuwa imepita, na yule mama alikuwa amekonda mpaka hata picha yake mwenyewe pengine isingemtambua. Mathayo akanitazama, nami nikatazama mchanga.

Yule mama hakumwendea. Hakunyoosha mikono wala hakuita. Alivua kitenge chake cha juu, akageuka, sisi akatuelekezea uso na mtoto akampa mgongo. Kisha akachuchumaa, akainama mbele, akashika ncha mbili za kitenge nyuma yake, vile mama anavyofanya anapotaka kumbeba mtoto aende naye shambani. Akakaa hivyo. Alikuwa amefumba macho. Niliona jasho likishuka puani kwake na hakulifuta.

Muda ulikwenda. Kijiko kilianguka mahali fulani. Mlezi akafungua kinywa, Mathayo akamzuia kwa mkono.

Mtoto aliiweka sahani chini. Alikitazama kile kisogo, mabega yale, mifupa ya mgongo iliyokuwa inaonekana kwenye blauzi. Huo ndio upande aliokuwa ameishi nao, njia zote, mito yote, tangu hana meno. Uso wa mama yake alikuwa akiuona mara mojamoja. Alisimama, akatembea bila haraka, kama mtu anayerudi kwenye kazi aliyoiacha kidogo. Akaweka mkono mmoja begani, kisha wa pili. Akapanda.

Mama akavuta kitenge, akakifunga kifuani mafundo mawili. Fundo la pili lilimteleza, ikabidi aanze upya. Alipoinuka, mtoto alilaza shavu moja mgongoni na lile jingine likabaki linatutazama, na Mathayo, bila kuambiwa na mtu, akaikunja karatasi ya maswali.

"Mama," mtoto akasema. "Uji yangu haijaisha."

Mama akarudi nyuma hatua mbili, akiwa bado hajageuka, mpaka sahani ikawa karibu na mguu wake. Nikainama, nikaiokota, nikampa mtoto mkononi, akala akiwa amebebwa.